Mlango wa Duka Haudanganyiki

Ukisimama Illasit, hapa Kenya mpakani na Tarakea ya Tanzania, Mawenzi iko kushoto na Kibo kulia. Mchoraji niliyekaa naye asubuhi mbili alivimaliza vilele vyote viwili vya Kilimanjaro kabla ya saa tatu, maana jua likipanda kidogo mawingu huushukia mlima na huuoni tena. Maduka hayaendi popote. Hayo aliyaacha kwa baadaye, akayachora taratibu hadi nikadhani amesinzia.

Mlima, aliniambia, unaweza kuudanganya. Kibo ina mita 5,895. Ukiipunguzia mia mbili, nani atakushtaki? Lakini mlango wa duka kila mtu anaujua kwa bega lake. Ukiufupisha kwa upana wa punje ya mtama, mwenye duka atakuuliza anaingiaje.

Alianza na mstari mmoja wa penseli, usawa wa macho yake. Paa lililo juu ya mstari huo hushuka kuuelekea kadiri linavyokwenda mbali. Kizingiti kilicho chini hupanda. Kisha ardhi nayo inaleta ubishi wake. Barabara imeinama, ila fundi mwashi alitumia timazi na pima maji, kwa hiyo kuta zimesimama wima, na baraza ya duka la chini ina ngazi tatu wakati la juu halina hata moja. Mchoraji alizihesabu kabla ya kugusa brashi.

Duka la katikati limepakwa kijani kikali cha kampuni ya simu. Alikitia tone la nyekundu kikapoa, akakipaka chepesi, akangoja kikauke, akarudia. Tabaka la tatu ndilo lililoleta vumbi ukutani. Na mikunjo ya mabati hakuichora yote: aliweka minne kwenye ukingo penye jua, iliyobaki jicho langu likaijaza lenyewe.

Picha za Kilimanjaro tulizozoea kwa wachuuzi, za mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, zina twiga na theluji. Nazipenda sana, ila duka humo nadra kulikuta.

Nyuma ya maduka kuna nyumba ya Kimaasai, na hapo rula ilirudi mkobani. Nyumba hiyo hujengwa na mama mwenyewe kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Pembe zake ni za mviringo na rangi yake ni ya ardhi inayoikalia. Ilimchukua muda mrefu kuliko maduka yote, kwani ilibidi mtu aone nyumba, asione kichuguu. Kilichoiokoa ni mlango: doa dogo la giza, la kuinamia.

Siku ya pili, saa tano, mwenye duka la kijani alivuka barabara akaitazama picha kwa muda.

"Mlango uko sawa," akasema. "Sasa jina la duka liko wapi?"