Sheria ya 2016 ni nzuri, lakini mzee atatoka na nini?

Wandugu, leo naacha muhogo na mbolea. Nataka tusome pamoja sheria nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, ile yenye inapanga maisha ya watumishi wa Leta katika Kongo yetu. Wengi tunalilia kazi ya Leta, lakini wachache wameifungua hiyo sheria.

Niseme ukweli: imeandikwa vizuri. Ilichukua nafasi ya sheria ya 1981, ya wakati wa Mobutu. Inasema mtu anaingia kazini kwa konkuru, si kwa sababu mjomba wake ni mkubwa. Inasema pia mtumishi anapumuzika akifikisha miaka 65, ao miaka 35 ya kazi.

Mimi niliisomea bironi. Na lisansi yangu ya kilimo, nilipitisha miaka miwili katika ofisi moja bila matrikule, bila mshahara. Asubuhi nafungua mlango, nafagia, kisha naandika raporo ya mashamba yenye hakuna mwenye alienda kuona, sababu pikipiki haina mafuta. Mkubwa wangu alikuwa amepita miaka 70. Siku moja nikamuuliza kwa heshima: "Papa, utapumuzika lini?" Akacheka. "Mwanangu, niende nyumbani na nini? Hapa napata hii kidogo kila mwezi. Nikitoka, nitangoja feza ya mwisho wa kazi mpaka kaburini."

Hapo njo niliona upungufu. Leta ilihesabu miaka ya mzee, haikutayarisha feza ya kumurudisha kwake. Kwa hiyo anabaki kwenye kiti, na kijana anabaki mlangoni.

Mabadiliko mengine yalikuja. Tangu 2011 mishahara ilianza kupita benki, na hiyo ilipunguza mikono ya kuikata njiani. Lakini benki inalipa tu wale wako kwenye liste. ENA ilianzishwa 2013 huko Kinshasa, inafundisha vizuri, lakini vijana wenye inapokea ni wachache sana. Kasha ya pensheni ya watumishi, CNSSAP, iliundwa 2015. Ni jambo kubwa. Lakini mzee mwenye alitumika miaka 30 mbele ya hiyo kasha kuzaliwa, nani alimuwekea akiba?

Zamani na mie nilikuwa napiga kelele: "Wazee watoke!" Leo siwezi tena. Sisi watu wa kilimo tunajua: kahawa mpya haistawi kama shina la zamani halijangolewa, na kungoa shina kunaomba nguvu na feza. Kusomea shina sheria hakuliondoe.

Basi, siku watatangaza konkuru mpya, tusikimbilie kutayarisha dosye tu. Tuulize kwanza: mwaka huu ni wazee wangapi walilipwa, wakaenda nyumbani na heshima yao? Jibu la hiyo swali njo litatuonyesha kama nafasi iko kweli.

Nangoja mawazo yenu.