Istilahi za Kumwanzisha Mlengaji wa Bastola: Uhakiki

Istilahi mbaya ya biashara huleta hasara, na istilahi mbaya ya sheria huleta kesi. Istilahi mbaya ya silaha yaweza kuleta kifo. Kwa sababu hiyo makala haya yanahakiki maneno ya Kiswahili yanayotumika, au yanayoelekea kutumika, katika kumfundisha mtu anayeanza mchezo wa kushindana kwa bastola. Huenda msomaji akauliza kwa nini tushughulikie mchezo wenye wafuasi wachache. Jibu ni kwamba maneno ya mchezo huu ndiyo yale yale anayoyahitaji askari wa wanyamapori, mlinzi wa benki, hakimu na mfasiri wa sheria. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, hatuna tena udhuru wa kuyaacha maneno hayo yajitafutie njia yenyewe.

1. Mchezo na jina lake

Mchezo tunaouzungumzia si ule wa Olimpiki, ambao mshindani husimama mahali pamoja akalenga shabaha iliyo umbali maalumu. Katika mchezo huu mshindani huanza bastola ikiwa alani, husubiri mlio wa saa, kisha huichomoa na kulenga shabaha nyingi kutoka sehemu mbalimbali za uwanja, akikimbia, akichutama na kubadili magazini njiani. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa Columbia, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, mwaka 1976, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Katika Afrika ya Mashariki mchezo wa namna hii una wafuasi nchini Kenya, ambako uwanja wa Kirigiti, Kiambu, unajulikana kwa shughuli hizo.

Jina lake la Kiingereza hufasiriwa kwa wepesi kuwa "ulengaji wa vitendo". Tafsiri hii haifai. Kwa Mswahili, "kwa vitendo" ni kinyume cha "kwa nadharia". Basi jina hilo lamfanya msomaji adhani kuna ulengaji mwingine unaofanywa darasani kwa chaki. Waasisi walikusudia ulengaji unaokaribiana na matumizi ya kweli ya bastola, ambapo mtu hapewi nafasi ya kutulia. Mimi ningependekeza "ulengaji wa mwendo". Jina hili halisemi yote, lakini husema kile ambacho mtazamaji hukiona mara moja, nalo halimpotoshi mtu.

Mtendaji wake na aitwe "mlengaji". Magazeti yetu yamezoea neno "mdunguaji", ambalo lina mahali pake vitani: kudungua ni kuangusha kilicho juu, na mdunguaji hujificha ili aue. Mwanamichezo anayelenga karatasi mbele ya waamuzi hastahili jina hilo, na wakubwa wa serikali wanaoombwa kibali cha uwanja watalisoma kwa hofu.

2. Kipimo cha Sibwesa

Istilahi hupimwa kwa mtu atakayeitumia. Nimemchagua msomaji wa Sibwesa, kata iliyomo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, kwa sababu yeye hayuko mbali na silaha wala na lugha yake. Nchi hiyo ya misitu, kati ya Mpanda na ziwa, ni nchi ya Wabende na Watongwe, warina asali na wawindaji wa tangu zamani. Kituo cha Karema kilijengwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1879, wakati ambapo bunduki zilikuwa zimekwisha kuingia bara pamoja na misafara ya pembe. Gobore limebaki katika maeneo hayo hadi zama zetu, mara nyingine kwa leseni na mara nyingine bila leseni.

Kwa hiyo mtu wa Sibwesa si mjinga wa silaha. Anajua baruti, fataki, mtutu na kitako. Wazee wake walijua gumegume, yaani bunduki ya jiwe la kiberiti, na mdeki, yaani kijiti cha kushindilia. Hatari yake ni ya namna nyingine: maneno anayoyajua yalikua pamoja na chombo kingine. Mfasiri akimpa neno la gobore kwa kitendo cha bastola, mwanafunzi huyu atafanya kitendo cha gobore.

3. Risasi na viungo vyake

Neno "risasi" lina kazi nyingi mno. Asili yake ni jina la madini, na mpaka leo maana hiyo ipo. Kwa mwenye gobore, risasi ni kipande cha madini kinachotangulizwa na baruti ndani ya mtutu. Kwa mwenye bastola, risasi ni kitu kizima kinachotiwa katika magazini. Kwa mwandishi wa habari, risasi ni mlio: "zilisikika risasi tatu". Na kwa daktari ni kile kilichotolewa mwilini mwa majeruhi.

Hatuna haja ya kubuni maneno mapya hapa. Yapo, ila hayajapangwa. Polisi na waandishi husema "maganda ya risasi" kwa yale yanayookotwa baada ya kufyatua, na neno hilo ni zuri. Baruti ni baruti. Kile kinachopasuka kwa kugongwa, na kuiwasha baruti, ni fataki, na mzee wa Sibwesa atalitambua neno mara moja kwani kazi yake ni ile ile. Kinachoruka na kutoboa shabaha na kiitwe "kichwa cha risasi". Tukikubaliana hivyo, "risasi" itabaki jina la kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa. Mlio utaitwa mlio, na ripoti ya mahakamani itaeleweka bila mabishano.

4. Kujaza, na maana ya "tupu"

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mwenye gobore hushindilia: humimina baruti, hutia kizibo, hutia risasi, husukuma kwa mdeki. Gobore lililoshindiliwa lakini halijapachikwa fataki huhesabiwa kuwa limelala. Mazoea hayo humfundisha mtu kwamba silaha ina hatua mbili zinazoonekana kwa macho, na kwamba kuondoa kitu kimoja cha nje kunatosha kuituliza.

Bastola haiko hivyo. Magazini ikiisha kuingia na mtelezo wa juu ukavutwa na kuachiliwa, risasi moja hupanda na kukaa ndani ya chemba. Mtu akiichomoa magazini, risasi ile haitoki. Bastola haina magazini, kitako chake kina tundu wazi, nayo bado yaweza kuua. Hivyo mwalimu anayesema "toa magazini, bastola iwe tupu" amesema uongo bila kukusudia. Istilahi lazima zitenganishe hali tatu: bastola "iliyowekwa magazini", bastola "iliyokokiwa", yaani yenye risasi chembani, na bastola "tupu", yaani isiyo na magazini wala risasi chembani. Neno "tupu" lisitumike kamwe kwa hali nyingine yoyote.

Utaratibu nao ufuate lugha. Hutolewa magazini kwanza, kisha ndipo mtelezo huvutwa ili risasi ya chembani itoke, na chemba hutazamwa kwa macho. Anayegeuza mpangilio huo huitoa risasi moja na kuipandisha nyingine. Kwa hiyo "kupakia" na "kupakua", maneno ya lori na merikebu, hayatufai: hayana hatua ndani yake. Tuseme "kujaza" na "kuondoa risasi", kisha tuzitaje hatua zake moja moja.

Wapo watakaolalamika kwamba "magazini", "chemba" na "kukoki" ni maneno ya kuazima. Ni kweli. Lakini askari na mgambo wanayaelewa, na katika silaha neno linaloeleweka na wengi hulishinda neno safi linaloeleweka na mbunifu wake peke yake. "Kasha la risasi", linalopendekezwa badala ya magazini, tayari ni jina la boksi la dukani. Kwa upande mwingine sioni sababu ya "mfuko wa bastola" wakati lugha yetu ina "ala", neno la kale la kifuko cha kisu na upanga. Mfuko ni wa kutilia chochote. Ala huchukua umbo la kile kinachohifadhiwa, na katika mchezo huu ala lazima ikifunike kifyatuo.

5. Amri za uwanjani

Mwanzo wa mwanafunzi si kulenga, ni kutii. Uwanjani bastola hukaa tupu ndani ya ala mpaka mwamuzi atoe amri. Anayetaka kuishika kwa mazoezi au kuisafisha huenda eneo la usalama, ambako haruhusiwi kugusa risasi yoyote, hata ya bandia. Mdomo wa mtutu ukipita nyuzi 90 kutoka upande salama, mshindani hutolewa mashindanoni siku hiyo. Akiiangusha bastola yenye risasi, au ikilia bila kukusudia, hutolewa vile vile. Kidole hukaa nje ya kifyatuo wakati wa kutembea na wa kubadili magazini.

Amri zinazoendesha mambo haya zinatolewa kwa mfuatano maalumu, na mfasiri mzembe huziharibu kwa neno moja: "tayari". Katika amri tatu za mwanzo Kiingereza kina maneno mbalimbali, Kiswahili cha haraka hutaka kusema "jaza, kaa tayari", kisha "uko tayari?", kisha tena "tayari!" kabla ya mlio. Mtu wetu amezoea kwamba katika mbio za shule "tayari" hutangulia "nenda" tu. Tena "tayari" humaanisha pia jambo lililokwisha kufanyika. Aliyejaza bastola akisikia neno moja mara tatu atafyatua katika mojawapo, na huenda isiwe ile inayotakiwa. Neno hili libaki katika swali peke yake: "Jaza, jiweke sawa." "Uko tayari?" "Subiri mlio."

Amri ya kusimamisha nayo ina mtego. "Simama!" huambia miguu, na mshindani aweza kusimama huku akiendelea kufyatua. "Acha!" huambia mkono, naye aweza kuacha kufyatua huku akikimbia kumwelekea mwamuzi. Kinachotakiwa ni vyote viwili kwa mara moja. Napendekeza "Koma!" Ni neno la silabi mbili, husikika katikati ya milio, na huhusu kitendo chote. Wengine watasema ni kali, nasi kwa kawaida hatumwambii mgeni wala mkubwa hivyo. Lakini ukali huo ndio faida yake: kwa kuwa halisemwi kwa adabu, halichanganyiki na mazungumzo.

Mwisho wa zamu Kiswahili kinaishinda lugha tunayoifasiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa chemba isiyo na risasi na kwa uwanja ambao watu waweza kuuingia. Sisi tunayo mawili: chemba ni "tupu", uwanja ni "salama". Basi: "Ukiwa umemaliza, ondoa risasi, onyesha." "Kama ni tupu, fyatua, weka alani." "Uwanja ni salama." Kufyatua huko kwa chemba tupu, bastola ikielekezwa upande salama, ndiko uthibitisho wa mwisho, mfasiri asikuache kwa kudhani ni makosa ya chapa.

6. Alama na muda

Matokeo hupatikana kwa kugawanya alama kwa sekunde. Tuseme kuna shabaha 10, kila moja ya risasi mbili. Wa kwanza anapata zote 20 katika eneo la kati lenye alama 5, jumla 100, kwa sekunde 25: matokeo yake ni 4. Wa pili anapata 15 katika eneo hilo na 5 katika eneo la pili, ambalo kwa risasi zenye nguvu ndogo lina alama 3, jumla 90, kwa sekunde 18: matokeo yake ni 5, naye ameshinda. Lakini kila risasi iliyokosa humpunguzia mtu alama 10, hivyo haraka isiyo na shabaha haimfikishi mbali. Haraka haraka haina baraka, ingawa polepole nayo hapa haina kikombe.

Jina la kipimo hiki kwa Kiingereza lina neno ambalo katika hesabu zetu hufasiriwa "kigawanyo" au maneno ya ukoo huo. Anayelichukua hivyo amefasiri neno na kuuacha ukweli, kwa maana hapa hakuna kigawanyo chochote ila kadiri ya alama kwa sekunde. Tuseme hivyo hivyo: "alama kwa sekunde". Mwalimu wa Sibwesa atalifundisha kwa dakika moja.

Vile vile tutenganishe "kufyatua", "kulenga" na "kupata". Kitenzi "kupiga" hubeba yote matatu, na "alipiga mara mbili" haituambii kama shabaha ilipata tundu. Kwa mchezaji tofauti hiyo ni alama; kwa hakimu ni hukumu.

7. Hitimisho

Napendekeza Baraza liwakutanishe waamuzi wa mchezo huu, polisi, askari wa wanyamapori na wafasiri wa sheria, wakubaliane kwanza juu ya maneno machache: risasi na viungo vyake, tupu, koki, ala, na amri za uwanjani. Mengine yaweza kungoja. Kabla ya kuyapitisha, yasomwe kwa sauti mbele ya mtu aliyelelewa karibu na gobore, kisha atazamwe mikono yake. Akiisikia "tupu" na bado akachungulia chembani, neno limefaulu.