Shajara katika Warsha za Walimu wa Kiswahili Nairobi: Umbo na Kiini

Makala haya yanakusudia kuchunguza matumizi ya shajara kama chombo cha kufunzia katika warsha za walimu wa Kiswahili jijini Nairobi, na kuonyesha kwa nini chombo hicho, ambacho kwa nadharia kina manufaa makubwa, aghalabu huishia kuwa karatasi nyingine ya kujazwa. Hoja kuu ni kwamba kasoro haimo katika shajara yenyewe. Imo katika macho yanayotazamiwa kuisoma, na katika lugha inayotumiwa kuiandika.

Wazo la mwalimu kuandika ili ajitafakari lina historia ndefu. John Dewey alilijengea msingi katika How We Think (1910), na Donald Schön akaliendeleza katika The Reflective Practitioner (1983) alipodai kuwa mtaalamu hujifunza kwa kuirudia kazi yake mwenyewe kwa fikira. Nchini Kenya wazo hilo lilipata nguvu mpya kwa mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 na kuenezwa nchini mwaka 2019. Andalio la somo la mtaala huo lina nafasi, mwishoni kabisa, ambamo mwalimu hutakiwa kuandika tafakari yake juu ya somo alilofundisha.

Hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili huifikia warsha akiwa tayari na shajara nyingine kichwani. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Kiswahili kikafanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, shajara imefundishwa kama mojawapo ya insha za kiuamilifu, pamoja na barua, hotuba na kumbukumbu za mkutano. Mwanafunzi hufunzwa umbo: tarehe, siku, saa, tukio. Alama hutolewa kwa umbo hilo. Ndipo huzuka kinaya kwamba mwalimu aweza kufundisha shajara kwa miaka 20 bila kuwahi kuwa na yake. Anapoombwa warshani aandike shajara, huandika insha.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Maandishi yote ya kikazi ya mwalimu, yaani maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rekodi ya kazi, huandikwa kwa ajili ya mkubwa. Mwalimu mkuu huyatia sahihi, na afisa akija huyadai. Yamkini hakuna ukurasa mmoja wa kazi yake ambao hautazamiwi kukaguliwa. Mkufunzi anapokusanya shajara jioni ili azisome, au mbaya zaidi azitolee alama, huwa ameiongeza shajara katika rundo hilohilo.

Ichukuliwe mifano miwili ya kubuni. Mwalimu wa kwanza anaandika: “Leo nimefundisha ngeli ya U-ZI. Malengo yote yametimia.” Wa pili anaandika: “Niliuliza wingi wa ukuta. Nyuma wakajibu maukuta, na hakuna aliyecheka. Nikasahihisha mara nne. Kengele ilipolia wakatoka wakisema maukuta. Labda nilikosea kuanza na jedwali.” Ukurasa wa kwanza hauna kosa na hauna faida. Ukurasa wa pili unakiri kushindwa, na kwa kukiri huko unafungua mlango wa utafiti. Kiambishi ma- katika usemi wa vijana wa Nairobi hakitokei kwa bahati. Ni alama ya wingi iliyotanuka katika Sheng hata ikavuka mipaka ya ngeli. Mtahini huona kosa pale ambapo mwenye shajara huanza kuona utaratibu.

Hapa suala la lugha linajitokeza. Katika jiji ambamo Kiingereza ndicho lugha ya ofisi na ya ripoti, mwalimu huona ni kawaida kufundisha kwa lugha moja na kuitafakari kazi yake kwa nyingine. Matokeo yake ni hasara mara mbili. Kwanza, maneno ya watoto hupotea katika tafsiri. Pili, Kiswahili hunyimwa fursa ya kukuza msamiati wake wa kufikiria ufundishaji. Walimu wa Kangemi na Kawangware husikia kila siku lugha ambayo idara za katikati ya jiji huiandikia makala. Mwendo wa kutoka kumbi za mjini hadi Kangemi, kwa barabara ya Waiyaki, si mrefu. Lakini ushahidi wa madarasani hausafiri, kwa kuwa hauandikwi.

Yaweza kupingwa kwamba kujiandika si desturi ya Waswahili. Pingamizi hili ni dhaifu. Masimulizi ya maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yalichapishwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20. Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten, ulitoka mwaka 1901. Shaaban Robert naye alitoa Maisha Yangu mwaka 1949. Ni kweli kwamba hao walisimulia kwa hadhira, ilhali shajara humwambia mwenyewe. Lakini nathari ya nafsi ya kwanza haikuletwa na wakufunzi wa warsha. Pingamizi la uchache wa wakati, kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika, ndilo la haki. Nalo huonyesha kuwa mistari mitano ya kweli yafaa kuliko kurasa mbili za mapambo.

Kwa hiyo, warsha inayotaka shajara iwe hai haina budi kuzingatia mambo manne. Shajara isikusanywe wala isitolewe alama. Mwenyewe achague ukurasa atakaowasomea wenzake. Mkufunzi aandike yake, na awe wa kwanza kusoma, hasa pale alipokosea. Na iandikwe kwa Kiswahili, maneno ya wanafunzi yakinukuliwa kama yalivyosemwa. Pasipo masharti haya, walimu wataendelea kuandika kwamba malengo yote yametimia, na watoto wataendelea kutoka darasani wakisema maukuta.