Vipimo Vinne vya Kimea: Jinsi Jaribio la t Lilivyopatikana

Jaribio la t hufundishwa katikati ya kozi ya mwanzo ya takwimu za biashara chuoni. Hutanguliwa na wastani, mkengeuko sanifu, uwezekano na mgawanyo wa kawaida, na baada yake hufuata regresheni. Mwanafunzi hupewa fomula, jedwali la mwisho wa kitabu na kanuni moja: sampuli ikiwa ndogo na mkengeuko wa kundi zima haujulikani, tumia t. Sababu ya kanuni hiyo haielezwi sana, ingawa inatokana na swali la kibiashara lililoulizwa katika kiwanda cha bia cha Guinness, mjini Dublin, mwanzoni mwa karne ya 20: ni vipimo vingapi vinatosha kabla ya kufanya uamuzi?

Swali la kiwandani

William Sealy Gosset alizaliwa mwaka 1876, akasoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na Guinness. Wakati huo kiwanda kilikuwa kikiajiri wanasayansi ili shayiri, hopsi, kimea na hamira zipimwe kwa kanuni badala ya kutegemea jicho na uzoefu wa mpishi wa bia. Tatizo likawa uchache wa vipimo. Jaribio la aina ya shayiri shambani huchukua msimu mzima, na kila kipimo cha kimea maabarani hula muda na gharama. Mara nyingi matokeo yaliyokuwa mezani hayakufika hata 10.

Mwaka 1904 Gosset aliandika ripoti ya ndani kuhusu matumizi ya kanuni ya makosa ya vipimo katika kazi za kiwanda. Mfano mmojawapo ulihusu kiasi cha sukari kinachopatikana kutoka kwenye kimea. Kiwanda kilitaka wastani wa vipimo usipishane na thamani halisi kwa zaidi ya nusu digrii, na uhakika wa jambo hilo usipungue 10 kwa 1. Gosset alikadiria kwamba vipimo 2 vinatoa uhakika wa 4 kwa 1, vipimo 3 vinatoa 7 kwa 1, na vipimo 4 vinatoa 12 kwa 1. Hivyo jibu likawa vinne, na kipimo cha tano kingeongeza gharama bila kuhitajika.

Hesabu ya namna hiyo husimama juu ya sharti moja: mtawanyiko wa vipimo uwe unajulikana. Penye rekodi za miaka mingi sharti hilo halisumbui. Kwa shayiri mpya au njia mpya ya kukausha kimea hakuna rekodi, na mkengeuko hukadiriwa kutokana na vipimo vilevile vichache vinavyotoa wastani. Basi makadirio huwa mawili, na yote mawili yanayumba.

Ukubwa wa tatizo huonekana kwa sampuli ya 4. Mchambuzi akitumia kizio (thamani ya mpaka) cha 1.96 cha mgawanyo wa kawaida, huamini kwamba amejiwekea nafasi ya kukosea ya asilimia 5. Kwa kuwa mkengeuko umekadiriwa kutoka vipimo 4 tu, nafasi halisi ya kukosea hufikia karibu asilimia 14.5. Anayedhani anakosea mara 1 katika 20 kwa kweli anakosea karibu mara 1 katika 7.

Njia iliyofuatwa

Mwaka 1906 Guinness ilimruhusu Gosset kwenda London kusoma kwa mwanatakwimu Karl Pearson, katika University College. Wataalamu wa huko walizoea sampuli za mamia na maelfu, ambamo kosa la kukadiria mkengeuko halina uzito. Gosset alikuja na sampuli ambazo kosa hilo ndilo lilikuwa kiini cha tatizo.

Makala yake ilichapishwa katika jarida la Biometrika mwaka 1908. Guinness haikutaka majina ya watumishi wake yaonekane kwenye machapisho, kwa hiyo alitia sahihi ya “Student”, na ndiyo maana vitabu vingi bado vinaiita t ya Student.

Kazi ilipita katika hatua tatu. Kwanza, Gosset alikokotoa kwa aljebra jinsi mraba wa mkengeuko wa sampuli unavyotawanyika pale data inapotoka katika mgawanyo wa kawaida. Alipata vipimo vinne vya mwanzo vya umbo la mtawanyiko huo, akaona vinaafikiana na mmojawapo wa mikunjo iliyoorodheshwa na Pearson, akauchukua mkunjo huo kuwa jibu. Hakuwa na uthibitisho kamili. Alikisia, na kisio lake lilikuwa sahihi. Pili, alionyesha kwamba ukubwa wa kosa la wastani hauna uhusiano na ukubwa wa mkengeuko wa sampuli. Tatu, akitegemea hatua hizo mbili, alipata mgawanyo wa uwiano alioutambulisha kwa herufi z, yaani tofauti kati ya wastani wa sampuli na wastani wa kundi zima, ikigawanywa kwa mkengeuko wa sampuli.

Kisha akaijaribu hesabu yake kwa mikono. Alichukua vipimo vya urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, vilivyokuwa vimechapishwa na W. R. Macdonell. Vipimo viliandikwa kwenye vipande 3,000 vya kadibodi, vikachanganywa barabara, vikaokotwa kimoja kimoja na kuandikwa kitabuni kwa mfuatano wake. Kila vinne vilivyofuatana vilifanywa sampuli moja, na kwa njia hiyo zikapatikana sampuli 750. Gosset alikokotoa wastani na mkengeuko wa kila moja, akalinganisha mtawanyiko uliotokea na ule uliotabiriwa. Ilikaribiana vya kutosha. Kazi hiyo leo hufanywa na kompyuta kwa sekunde chache, nayo huitwa uigaji wa nasibu.

Mfano wa dawa za usingizi

Makala ya 1908 ina mfano ambao bado unafaa kufundishia. Wagonjwa 10 walipewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, na kwa kila mgonjwa ikahesabiwa tofauti ya saa za usingizi kati ya dawa ya pili na ya kwanza: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6 na 1.4.

Jumla ni 15.8, kwa hiyo wastani ni saa 1.58. Mkengeuko sanifu, kwa kugawanya na 9, ni 1.23. Ukiugawanya kwa kipeuo cha pili cha 10 unapata kosa sanifu la 0.389. Thamani ya t ni 1.58 kwa 0.389, yaani 4.06. Kizio cha jedwali kwa digrii huru 9 (vipimo 10 ukitoa 1) na kiwango cha asilimia 5 ni 2.262, kwa hiyo tofauti haiwezi kuelezwa kirahisi kuwa ni bahati. Safu ya uhakika wa asilimia 95 huanzia saa 0.70 hadi saa 2.46.

Mgonjwa mwenye tofauti ya 4.6 yuko mbali na wenzake, na wengi hudhani ndiye anayeipandisha t. Akiondolewa, wastani hushuka hadi 1.24, lakini mkengeuko hushuka zaidi, hadi 0.66, na t hupanda kufikia 5.66. Thamani iliyo mbali huvuta wastani na kutanua mkengeuko kwa pamoja, na athari ya pili inaweza kuishinda ya kwanza.

Kutoka z hadi t

Jedwali la z katika makala ya 1908 lilihusu sampuli za 4 hadi 10 tu. Uthibitisho kamili ulitolewa na mwanatakwimu R. A. Fisher, aliyeitazama sampuli kama nukta katika anga yenye vipimo vingi. Ulichapishwa mwaka 1915. Fisher ndiye pia aliyeingiza digrii huru. Vipimo 10 vikishatumika kupata wastani, tofauti 9 tu kutoka kwenye wastani huo ndizo zilizo huru, kwani ya kumi hulazimika kuzifanya zote zijumlike kuwa sifuri. Mwaka 1925 Gosset alichapisha majedwali mapya ya t, uwiano unaogawanya kwa kosa sanifu pale z ilipogawanya kwa mkengeuko, na mwaka huohuo kitabu cha Fisher kwa watafiti kikaeneza matumizi yake.

Jedwali linaonyesha gharama ya kutojua mkengeuko. Kwa kiwango cha asilimia 5, kizio ni 3.182 kwa digrii huru 3, kikashuka hadi 2.262 kwa 9, na 2.045 kwa 29, kikiisogelea 1.96. Hapo ndipo inapotoka kanuni ya vitabuni kwamba sampuli ya 30 huhesabika kuwa kubwa. Hakuna mpaka wa ghafla. Ni tofauti tu iliyokwisha kuwa ndogo.

Kinachobaki nje ya jedwali

Jaribio la t hurekebisha kosa moja tu, lile la kukadiria mkengeuko kwa data chache. Halirekebishi sampuli iliyochaguliwa kwa upendeleo, wala vipimo vinavyotegemeana, kama vile mazao ya vipande vya shamba vilivyopakana. Katika sampuli ndogo, data iliyoegemea mno upande mmoja pia huifanya t kupotosha.

Vilevile halisemi kama tofauti iliyogunduliwa ina faida. Gosset alishikilia kwamba kiwango cha uhakika kinachotakiwa hutegemea fedha zitakazopatikana uamuzi ukiwa sahihi, zikipimwa dhidi ya gharama ya kuongeza majaribio. Kwa hiyo asilimia 5 ya vitabuni ni mazoea. Kiwanda kilichotaka 10 kwa 1 na kutosheka na vipimo vinne kilikuwa kimeshafanya hesabu hiyo kabla ya jedwali lolote la t kuchapishwa.