Mayai ya Chura na Karo Yangu
Katika Unbowed (2006), Wangari Maathai anakumbuka kijito cha kwao Ihithe, alikokuwa akijaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Hakufaulu hata mara moja. Karibu na hapo ulikuwepo mugumo, ambao mama yake alimkataza hata kuokota kuni zake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye mwenye shamba mpya aliukata apande chai. Kijito kimekauka.

Kurasa hizo nimezisoma mara tatu. Zile za tuzo na mikutano nilizipitia mbiombio (naomba radhi).

Ila yule aliyeukata mti anapita kitabuni kama kivuli, na mimi mtu huyo namfahamu. Karo yangu, tangu bweni hadi shahada hii ya uzamili, imetoka kwenye bonasi ya majani chai. Baba aliwaza kizazi kijacho. Kizazi chenyewe ndicho mimi. Maathai haulizi mwenye shamba alikuwa na watoto wangapi wa kusomesha. Ningependa aulize.

Nilimpigia baba kumwuliza shambani palikuwa na nini kabla ya chai. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama karo ya muhula imefika.