Kukaza au Kuacha Mchezo? Uhakiki wa Istilahi za Mnyororo wa Pikipiki

Miongoni mwa miswada inayoletwa mbele yetu ili isanifiwe, miongozo ya ufundi ndiyo itupayo kazi ngumu kupita yote. Mwongozo tunaouhakiki hapa ni wa kurasa chache tu. Umefasiriwa kwa ajili ya watumishi wa vijijini wanaopewa pikipiki za njia mbovu, yaani zile zenye shokomzoba ndefu na tairi za meno makubwa, na sura yake moja yahusu utunzaji wa mnyororo upelekao nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma. Kiswahili chake kwa jumla ni safi, na upatanisho wa kisarufi haukuvunjwa popote. Hata hivyo, sura hiyo ina kosa moja liwezalo kumwacha msomaji porini, na kosa lenyewe ni la istilahi.

Kila mahali ambapo msomaji alitakiwa kuupima mnyororo na kuurekebisha, mfasiri ameandika "kukaza mnyororo". Ndicho kichwa cha sura, na ndiyo amri irudiwayo katika kila hatua. Ili kuujaribu mwongozo huo, tulimpa bwana shamba mmoja aufuate bila ya kuelekezwa na mtu. Aliufuata neno kwa neno. Alipomaliza, mnyororo ulikuwa umenyooka kama waya wa simu, hausogei juu wala chini, naye ameridhika kabisa. Fundi aliyekuwa karibu aliubonyeza kwa kidole, akasema: "Bwana, huu haufiki mbali. Uachie ucheze."

Fundi alisema kweli, na yafaa tueleze sababu. Mkono unaobeba gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kwa kuzungukia bawaba yake, na bawaba hiyo iko nyuma kidogo ya spoketi ya mbele. Kwa hiyo gurudumu linaporuka mashimo, umbali baina ya spoketi mbili haubaki ule ule. Huwa mrefu kuliko wote pale spoketi ya mbele, bawaba na ekseli ya nyuma zinapokaa katika mstari mmoja. Pikipiki ikiwa imesimama bila mtu, gurudumu lake huning'inia chini ya mstari huo, na mnyororo huonekana umelegea. Mpandaji akikaa na kupita shimoni, ulegevu ule hupungua. Kama haukuwapo tangu mwanzo, mnyororo huvuta beringi za gurudumu na za mhimili utokao katika gia, nao wenyewe hurefuka au kukatika.

Jambo hili huzidi katika pikipiki za njia mbovu, kwa kuwa mwendo wa gurudumu lake ni mrefu. Katika zile za motokrosi hufika kiasi cha milimita 300. Ndiyo maana kwa pikipiki nyingi za barabara ya lami watengenezaji hutaja mchezo wa milimita 20 hadi 30 hivi, ilhali kwa pikipiki za njia mbovu aghalabu hutaja 35 hadi 50, na baadhi hupita hapo. Matope nayo hujaa katika meno ya spoketi na kuuvuta mnyororo zaidi.

Basi mfasiri alikosea wapi? Si kwamba hakujua maana ya kukaza. Alisahau kwamba katika Kiswahili kitenzi hiki hakina kikomo ndani yake. Twakaza nati, twakaza mwendo, twakaza moyo; na kila tunapokaza, twasifiwa kwa kukaza zaidi. Anayeambiwa "kaza" hana sababu ya kuacha mpaka nguvu zimwishie. Kinyume chake, "ulegevu" ni neno la lawama. Mtu mlegevu ni mzembe, na kazi legelege haina mwenyewe. Twadhani hii ndiyo sababu mfasiri alilikimbia neno hilo, kana kwamba ni aibu kumwambia mtumishi wa umma aache kitu chake kilegee.

Pengine wengine watapendekeza "mkazo" au "mvutano". Hatuafiki. "Mkazo" limekwisha kushika kazi yake katika isimu, tunaposema kwamba neno la Kiswahili aghalabu huwekewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. "Mvutano" nalo lafaa kwa mwanafizikia anayepima nguvu. Lakini mwenye pikipiki hapimi nguvu. Anapima kwa rula jinsi mnyororo unavyoweza kusogea juu na chini. Istilahi na ikitaje kile kinachopimwa.

Twapendekeza "mchezo wa mnyororo". Watakaosema kwamba mchezo ni wa watoto na wa kiwanjani wakumbuke kuwa tangu zamani twasema jino linacheza na mpini wa jembe unacheza. Tofauti ni kwamba kucheza kwa jino ni ugonjwa, na kucheza kwa mnyororo, kwa kipimo chake, ndiyo afya. Kazi yenyewe basi iitwe "kurekebisha mchezo wa mnyororo", kwa kuwa kurekebisha kwaweza kuwa kukaza au kulegeza.

Zipo kasoro nyingine. Mwongozo waanza na "mnyororo", kisha waandika "cheni", na mwishoni "mkufu". Mnyororo na cheni yote yaeleweka, lakini mwandishi achague moja. Mkufu ni wa shingoni. Spoketi ya nyuma imeitwa "gia ya nyuma", jina ambalo dereva atalidhania kuwa ni gia ya kurudi kinyumenyume. Namba za mnyororo, kama 428 na 520, zimeelezwa kuwa ni "urefu wa mnyororo". Sivyo. Tarakimu ya kwanza yahesabu thumni za inchi kutoka pini moja hadi ya pili: thumni nne, yaani milimita 12.7, kwa 428. Thumni tano, yaani milimita 15.875, kwa 520. Hapa yafaa kusema "urefu wa pingili". Na neno "pingili" ni la mfasiri mwenyewe, amelichukua kwenye muwa na mwanzi. Twamsifu kwa hilo.

Ili tusilaumu bila kujenga, twatoa mfano wa maelekezo yaliyosahihishwa:

"Zima injini, weka gia huru, na usafishe mnyororo kwa mafuta ya taa na brashi laini. Zungusha gurudumu la nyuma polepole utafute mahali mnyororo ulipovutika zaidi. Pima mchezo hapo, katikati ya spoketi mbili. Ukiwa si sawa na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha virekebishi vya pande zote mbili kwa kiasi kimoja, ili gurudumu lisikae upande. Kaza nati ya ekseli, halafu pima tena. Mwisho, paka mnyororo mafuta yake."

Msomaji ataona kuwa "kaza" limebaki mara moja tu, mahali pake, kwenye nati.

Lawama hii yatuhusu sisi pia. Mswada ule ulipita mezani petu mara ya kwanza, tukasahihisha viambishi na alama za nukta, tukaridhika. Tulikuwa na kamusi mbele yetu, bali hatukuwa na pikipiki. Aliyeliona kosa ni mtu mwenye grisi mikononi, na hata neno la kulisahihisha tumelipata kinywani mwake. Tangu siku hiyo, miswada ya ufundi husomwa kwa sauti gerejini kabla ya kurudi ofisini, na wasomaji walio karibu na mafundi twawaomba watuletee maneno wanayoyasikia huko, pamoja na kazi yanayoifanya.