Fuwele Zing'aazo, Safari Hii Bila Moto!

Jamani, hii ya kuona kwa macho! Chukua chupa ndogo ya maji, tia chumvi ya kadimiamu, asidi amino iitwayo sisteini, na kimeng'enya kimoja tu cha bakteria. Hakuna tanuri, hakuna moshi. Subiri. Maji yaliyokuwa meupe pe yanaanza kuwa manjano. Sasa mulika kwa taa ya urujuanimno: yanawaka!

Hizo ni nukta kwanta, fuwele za nusukipitishi zenye upana wa nanomita chache tu, na mapishi haya yalitolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, mwaka 2016. Kinachonipagawisha ni kile kimeng'enya. Peke yake kinavunja sisteini ili salfa ipatikane, kisha kinadhibiti fuwele zinavyokua. Unataka rangi nyingine? Ziache zikue zaidi. Ndogo huangaza kuelekea buluu, na kadiri zinavyonenepa ndivyo mwanga unavyosogea kuelekea nyekundu.

Linganisha na njia iliyobadili uwanja huu, ya Moungi Bawendi na wenzake wa MIT, mwaka 1993: kiyeyushi chenye joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na ndani yake dimethili kadimiamu, sumu kali inayoweza kulipuka. Kazi hiyo ilimpa Bawendi Nobel ya Kemia ya 2023, pamoja na Louis Brus na Alexei Ekimov, na heshima yake haipunguki. Lakini kupata fuwele hizo ndani ya maji, bila joto kali! Nani angethubutu kuota?

Utauliza, na kadimiamu yenyewe, inayoharibu figo? Hapo ndipo uhondo ulipo! Mwaka 2017 kundi lilelile la Lehigh lilitumia kimeng'enya kutengeneza fuwele za shaba, indiamu na salfa, zikavikwa gamba la zinki salfaidi. Kadimiamu nje kabisa!

Mng'ao wa nukta za majini kwa kawaida bado uko chini ya zile bora za tanuri, na kuzalisha kwa wingi ni mtihani. Hata hivyo hukumu yangu haiyumbi: hii ndiyo njia ya kufuata. Ewe unayesoma kemia au baiolojia, ingia humu sasa, kazi bado ni mbichi na nafasi ipo.